Kupanga Likizo Ndefu ya Istanbul Bila Kukimbizana na Saa

Mtu akipata nafasi ya kukaa Istanbul wiki mbili au tatu, badala ya zile siku chache ambazo mawakala wengi wa usafiri huwapangia wateja wao, wazo la kwanza linalomjia ni kurefusha orodha ya mahali pa kutembelea, na hapo ndipo mapumziko yanapoharibika hata kabla ya tiketi ya ndege kulipiwa. Orodha ya mji huu haiishi. Tangu mwaka 330 hadi 1923 ulikuwa makao makuu ya dola moja baada ya nyingine, leo una wakazi zaidi ya milioni 15, na karibu kila mtaa wa zamani una msikiti, kanisa, bafu au ukuta ambao katika mji mwingine ungekuwa kivutio kikuu. Safari hii tunakwenda watatu, yaani mimi, mke wangu na shangazi yangu, ambaye ana hamu ya kijana na magoti ya mstaafu. Kazi ya kupanga nimeachiwa mimi, na msimamo wangu ni kwamba siku za ziada hazikutolewa ili tuongeze vitu vya kutazama. Zimetolewa ili vitu vile vile viachiane nafasi.

Kabla ya kupanga siku nilianza na ramani, na hasa sehemu zake za maji. Mlangobahari wa Bosphorus, wenye urefu wa takriban kilomita 30 kutoka Bahari Nyeusi hadi Bahari ya Marmara, unaugawa mji kati ya Ulaya na Asia. Upande wa Ulaya nao umekatwa na mkono mwembamba wa bahari unaoitwa Haliç, na kwa sababu hiyo mgeni anakuta miji mitatu inayotazamana: rasi ya mji mkongwe yenye Sultanahmet na masoko, kilima cha Beyoğlu na Galata ng'ambo ya Haliç, na upande wa Asia wenye Üsküdar na Kadıköy. Anayetaka kuchoka haraka achague kitu kimoja kutoka kila upande kwa siku moja. Asubuhi atakuwa kwenye kasri la Topkapı, mchana Galata na jioni Kadıköy, na atakachokumbuka zaidi ni vituo vya tramu. Mimi nimeamua kwamba siku moja haitavuka maji kwa ajili ya shughuli mbili kubwa. Tukivuka, basi kuvuka kwenyewe ndiko kutakuwa shughuli ya siku hiyo.

Suala la malazi limetuletea mjadala mrefu kuliko masuala mengine yote. Sultanahmet ina faida iliyo wazi, kwa kuwa mtu anatoka hotelini na kukuta Ayasofya, Msikiti wa Sultan Ahmet na kasri la Topkapı kwa mwendo wa miguu. Lakini ni mtaa unaoishi kwa watalii, na kila hatua chache kuna kijana mpole anayeuliza umetoka nchi gani, ambaye mazungumzo yake, hata yakianzia kwenye mpira wa miguu, huishia kwenye duka la mazulia la mjomba wake. Kwa siku tatu jambo hilo linachekesha. Kwa wiki tatu linachosha. Kwa hiyo tutaanza na siku chache Sultanahmet, tuone vile vilivyo karibu asubuhi na mapema kabla makundi hayajafika, kisha tuhamie Kadıköy katika nyumba ya kupanga yenye jiko na mashine ya kufulia. Huko kuna soko la samaki na mboga, kuna barabara ya pwani ya mtaa wa Moda ambako wenyeji huketi jioni wakinywa chai, na gati lenye vivuko vinavyofika Eminönü kwa muda wa dakika 20 hivi. Wapo watakaosema kwamba kukaa Asia ni kujitenga na vivutio, lakini katika likizo ndefu ninakuona huko kujitenga kuwa faida. Isitoshe, Kadıköy si kitongoji cha juzi: hapa palikuwa na mji wa Kigiriki wa Khalkedon, ambao kwa masimulizi ya kale ulianzishwa kabla ya ule wa ng'ambo, na wazee wa zamani waliwacheka waanzilishi wake kuwa walikuwa vipofu kwa kutoiona rasi nzuri iliyokuwa mbele yao. Mtu akiketi Moda jua linapotua nyuma ya minara ya rasi hiyo, ana haki ya kufikiri kwamba vipofu hao walijichagulia mandhari bora zaidi.

Kanuni yetu ya pili ni kitu kimoja kikubwa kwa siku, nacho kifanyike asubuhi. Ayasofya ina siku yake peke yake. Jengo hilo lilikamilishwa likiwa kanisa mwaka 537 chini ya Kaisari Justinian, baada ya ujenzi wa takriban miaka 5, na kuba lake lenye upana wa mita 31 hivi liko mita 55 juu ya sakafu. Likawa msikiti mwaka 1453, makumbusho katika miaka ya 1930, na msikiti tena mwaka 2020. Tangu Januari 2024 watalii wa kigeni hulipa kiingilio cha yuro 25 na hutembelea ghorofa ya juu, ilhali sakafu ya chini imeachiwa wanaosali. Nimesikia malalamiko mengi kuhusu mpango huo, lakini ukweli ni kwamba mozaiki maarufu zaidi ziko huko juu, na ukiwa juu unaliona kuba kwa namna ambayo aliye chini haioni. Atakayeingia hapo bila miadi nyingine ya saa sita mchana anaweza kukaa akitazama jinsi mwanga unavyohama ukutani. Mwenye tiketi ya mahali pengine mfukoni hupiga picha akaondoka.

Siku ya birika la chini ya ardhi, Yerebatan, ni nyepesi zaidi, na nimeiweka mara baada ya siku ya Topkapı, ambayo ni nzito kuliko zote. Birika hilo la karne ya 6 lina nguzo 336, mbili kati yake zikiwa zimesimama juu ya vichwa vya Medusa, kiumbe wa hekaya za Kigiriki mwenye nywele za nyoka, vilivyochongwa kwa jiwe, kimoja kimelazwa ubavu na kingine kimepinduliwa kabisa. Mtu hahitaji zaidi ya saa moja kuliona, na mchana wa joto ni mahali pazuri pa kujificha jua. Topkapı, kwa upande mwingine, ni mkusanyiko wa nyua nne zinazofuatana, jikoni za kifalme, sehemu ya Harem walikoishi wanawake wa kasri, na chumba cha amana takatifu ambamo joho linalonasibishwa na Mtume Muhammad limehifadhiwa na Kurani husomwa bila kukatizwa. Masultani waliishi na kutawala hapo kwa takriban karne nne. Mwenye siku tatu mjini hulipitia kasri hilo kwa saa mbili. Sisi tutaingia mlango unapofunguliwa, tutaanza na Harem kabla vijia vyake vyembamba havijajaa watu, na tutapumzika katika ua wa nne unaotazama Bosphorus, bila kuweka jambo jingine lolote kwa siku hiyo.

Kuna mahali pamoja ambapo wageni wengi hupitwa napo kwa sababu pamebanwa na majirani wenye umaarufu, nako ni Makumbusho ya Akiolojia, yaliyo chini kidogo ya Topkapı. Yalifunguliwa mwaka 1891 kwa juhudi za Osman Hamdi Bey, mchoraji na mwanaakiolojia aliyechimbua makaburi ya kifalme ya Sidon, katika Lebanoni ya leo, na kuleta kutoka huko jeneza la mawe linaloitwa la Aleksanda Mkuu. Aleksanda mwenyewe hakuzikwa ndani yake. Jina limetokana na michongo ya vita na uwindaji iliyomwonyesha pembeni. Katika makumbusho hayo pia kuna kibao cha udongo chenye mkataba wa amani wa Kadesh, uliofungwa kati ya Wamisri na Wahiti katika karne ya 13 kabla ya Kristo. Ninakitengea kibao hicho asubuhi nzima. Mke wangu anasema kwamba asubuhi nzima kwa udongo uliokauka ni nyingi mno, na tumekubaliana kwamba yeye atakuwa bustani ya Gülhane, iliyo mlango wa pili, akiwa na kitabu chake. Makubaliano ya namna hiyo ni sehemu muhimu ya mpango, kwa kuwa wasafiri watatu wanaotembea pamoja kila saa kwa wiki tatu watarudi nyumbani wakiwa wamenuniana.

Baada ya vitu vikubwa kupewa siku zake, nililazimika kuvipanga upya kwa sababu ya siku za kufunga, ambazo mgeni asipoziangalia humvurugia kila kitu. Topkapı hufungwa Jumanne. Kasri la Dolmabahçe, ambako Sultan Abdülmecid alihamia mwaka 1856 na ambako Atatürk, rais wa kwanza wa Uturuki, alifariki tarehe 10 Novemba 1938, hufungwa Jumatatu. Soko Kuu la Ndani, lenye maelfu ya maduka chini ya paa moja, hufungwa Jumapili. Siku ya Ijumaa misikiti huwafungia watalii milango wakati wa sala ya mchana, na siku nyingine husitisha matembezi kwa muda mfupi kila sala inapofika. Kwa msomaji Mwislamu hilo si kikwazo, kwani ataingia kusali pamoja na wenyeji, lakini kwa wengine Ijumaa inafaa zaidi kwa bahari au bustani. Kwa kuwa ratiba hizi hubadilika, hasa sikukuu zinapokaribia, ninazihakiki tena katika tovuti ya kila mahali wiki moja kabla ya kuondoka.

Watu wameniuliza kama tutanunua pasi ya makumbusho, ile inayomruhusu mgeni kuingia sehemu nyingi kwa malipo ya mara moja. Hapana. Pasi hiyo huhesabiwa siku tano tangu inapotumika mara ya kwanza, na mtu aliyeilipia hujikuta anakimbia ili fedha yake irudi. Inamfaa mgeni wa siku chache. Kwa anayekaa muda mrefu ni kamba shingoni.

Sasa nirudi kwenye magoti ya shangazi, ambayo yameamua mambo mengi kuliko kitabu chochote cha mwongozo. Istanbul ni mji wa vilima, na ramani ya simu haikuonyeshi kwamba zile mita mia tatu kati ya gati la Karaköy na mnara wa Galata, uliojengwa na Wajenova wa Italia mwaka 1348, ni mpando mkali wa mawe na ngazi. Dawa yake ni kupanda kwa chombo na kushuka kwa miguu. Kutoka Karaköy kuna Tünel, treni fupi ya chini ya ardhi inayovutwa kwa kamba ya chuma, ambayo ilifunguliwa mwaka 1875 na imetanguliwa na ile ya London pekee, iliyoanza mwaka 1863. Njia yake ina mita 573 tu, nayo humfikisha abiria mwanzo wa barabara ya Istiklal, na kutoka hapo mnara wa Galata uko chini yake. Mwenye kutoka Dolmabahçe na kutaka kufika Taksim atakuta treni nyingine ya aina hiyo katika kituo cha Kabataş. Kilima cha Pierre Loti, juu ya Haliç, kina vibanda vya waya vinavyowapandisha watu juu ya makaburi ya kale. Kadi ya Istanbulkart, inayonunuliwa na kujazwa fedha katika mashine zilizo vituoni, hulipia vyombo hivyo vyote pamoja na tramu, metro, mabasi na vivuko, na anayebadilisha chombo ndani ya muda mfupi hupunguziwa nauli. Teksi nimeziacha kwa usiku na kwa mvua, kwa sababu foleni za magari za mji huo hazina huruma.

Kwa shangazi, siku iliyo muhimu kuliko zote ni ya Eyüp. Hapo amezikwa Abu Ayyub al-Ansari, sahaba aliyempokea Mtume nyumbani kwake Madina baada ya Hijra, na ambaye alifariki nje ya kuta za Konstantinopoli, kama Istanbul ilivyoitwa zamani, katika karne ya 7, wakati wa kampeni ya Waarabu dhidi ya mji huo. Shangazi alisoma habari zake madrasa tangu utotoni, na hakuwa amewahi kufikiri kwamba kaburi lake liko mahali panapofikika kwa tramu. Tramu yenyewe, ya mstari wa T5, huanzia Eminönü na kufuata ukingo wa Haliç, ikipita Fener na Balat. Nilishawishika kuunganisha mitaa hiyo miwili na Eyüp katika siku moja, kwa kuwa iko njiani, lakini kanuni yangu ikanikataza. Fener ina Upatriarki wa Kiorthodoksi na, ufukweni, kanisa la Wabulgaria lililojengwa kwa chuma, ambalo vipande vyake vilitengenezwa Vienna, vikasafirishwa na kuunganishwa hapo, likafunguliwa mwaka 1898. Mitaa ya nyuma yake ina miinuko isiyo na chombo chochote cha kusaidia. Kwa hiyo Fener na Balat ni siku ya mimi na mke wangu, na shangazi siku hiyo atakuwa na Kadıköy yake.

Bosphorus inastahili siku nzima ya kivuko. Ziko safari fupi za saa moja na nusu hivi ambazo hugeuka katikati ya njia, lakini kivuko cha shirika la mji, Şehir Hatları, kina safari ndefu kutoka Eminönü hadi Anadolu Kavağı, kijiji cha wavuvi karibu na Bahari Nyeusi, ambako abiria hukaa saa kadhaa kabla ya kurudi. Njiani mtu anapita chini ya madaraja makubwa, la kwanza likiwa la mwaka 1973, na anaona ngome ya Rumeli Hisarı, ambayo Sultan Mehmed wa Pili aliijenga mwaka 1452 pale mlangobahari unapobanwa hadi kufikia takriban mita 700, ili afunge njia ya meli kabla ya kuushambulia mji. Historia hiyo husomwa vizuri zaidi ukiwa umeketi kwenye benchi la mbao, chai iko mkononi, na huna pa kwenda hadi chombo kifike. Siku nyingine ya bahari nimeitenga kwa Visiwa vya Wanamfalme, na hasa Büyükada, ambako magari binafsi hayaruhusiwi na ambako vigari vya umeme vilichukua nafasi ya vile vya farasi mwaka 2020. Hiyo lazima iwe siku ya kazi, maana mwishoni mwa juma nusu ya mji huhamia huko.

Katikati ya siku hizi zote nimeacha siku tupu, na mke wangu, aliyezoea majedwali, alizitazama kwa mashaka. Tupu haina maana kwamba tutalala hadi jioni. Maana yake ni kwamba asubuhi tutaulizana kila mtu anataka nini. Ninajua jinsi zitakavyojaa: kurudi Süleymaniye, msikiti ambao msanifu Sinan aliukamilisha mwaka 1557 na ambao kwangu mimi ni mzuri kuliko ule wa Sultan Ahmet wenye minara sita; kukaa saa mbili katika bafu la Çemberlitaş la mwaka 1584; kufua nguo; kununua zeituni na jibini sokoni. Faida kubwa ya siku tupu ni kwamba zinapokea yaliyoharibika. Mvua ikinyesha siku ya visiwa, visiwa vitahamia kwenye siku tupu na hakuna atakayelalamika.

Kuhusu msimu, tumechagua kipindi cha mwishoni mwa Septemba na Oktoba. Aprili ni nzuri vilevile, hasa kwa anayependa maua ya tulipu katika bustani ya Emirgan, lakini Julai na Agosti kuna joto na umati, na majira ya baridi yana mvua na wakati mwingine theluji. Mwezi wa Ramadhani, ambao kila mwaka hurudi nyuma kwa siku 10 au 11, una raha yake ya jioni, ingawa siku ya kwanza ya Idi sehemu nyingi hufunguliwa nusu siku tu au hufungwa kabisa. Kwa wasafiri wa Afrika Mashariki kuna faida moja ndogo ambayo haitajwi mara nyingi: tangu mwaka 2016 Uturuki haibadilishi saa zake, hivyo saa za Istanbul ni zile zile za Nairobi na Dar es Salaam mwaka mzima, na mwili hauhitaji kuzoea chochote.

Fedha sitaizungumzia sana, kwa sababu bei za lira hupanda haraka kiasi kwamba takwimu za leo zitakuwa za uongo baada ya miezi michache. Lililo thabiti ni kwamba gharama kubwa ni viingilio vya wageni, ambavyo mara nyingi hukadiriwa kwa yuro, ilhali kivuko, chai na misikiti mingi, ukiacha Ayasofya, ni rahisi au ni bure. Likizo ya kitu kimoja kwa siku hueneza viingilio hivyo katika wiki kadhaa, na mfuko hauhisi pigo moja. Viza inategemea pasipoti ya kila mtu, na ni salama kuiomba katika tovuti rasmi ya serikali ya Uturuki, kwa kuwa tovuti zinazofanana nayo na kutoza zaidi ni nyingi.

Kilichobaki ni siku ya mwisho. Uwanja mpya wa ndege, uliochukua safari za abiria kutoka ule wa Atatürk mwezi wa Aprili 2019, uko upande wa Ulaya karibu na Bahari Nyeusi, mbali na Kadıköy, na kuna mabasi yanayokwenda huko pamoja na mstari wa metro wa M11. Ndege yetu itaondoka jioni. Mke wangu amependekeza kwamba asubuhi hiyo tupite Soko la Viungo kununua zawadi, nami nimemwomba tuzinunue siku mbili kabla. Bado tunajadiliana.